WANAFUNZI WA JIOGRAFIA WAKIJA KIJIJINI, WANATAFUTA NINI?

Huenda siku moja uko shambani unapalilia, mara unawaona vijana wa sekondari wanateremka kilimani. Mmoja ameshika futikamba. Mwingine amebeba vigingi. Wa tatu ana daftari, anaandika. Wanafika kwenye korongo, wanasimama. Wanapima, wanabishana kidogo, wanaandika tena, wanakwenda mbele.

Wapo watu wakiwaona hujiuliza: Hivi hawa wametumwa na nani? Wanapima mashamba yetu ili yachukuliwe? Au wametoroka darasani?

Hawakutoroka. Hilo ndilo darasa lenyewe. Hawa ni wanafunzi wa somo la jiografia, na kazi wanayoifanya huitwa kazi ya uwandani. Katika makala hii tutaeleza kazi hiyo ni nini, wanafunzi wenyewe wanaionaje, na sisi wa kijijini tunahusika vipi. Maana tunahusika sana. Uwanda wanaousoma ni mashamba yetu, mito yetu na malisho yetu.

JIOGRAFIA NI SOMO LA NAMNA GANI?

Watu wengi hudhani jiografia ni kukariri majina ya nchi na milima. Eti ukijua kwamba Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 basi umejua jiografia. Sivyo. Kujua hivyo ni vizuri, lakini huo ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani.

Jiografia ni somo la ardhi na watu wanaoishi juu yake. Linauliza kitu kiko wapi, na kwa nini kiko pale wala si pengine. Kwa nini mvua inanyesha upande huu wa mlima, upande ule ni mkavu? Kwa nini mchanga uko juu na udongo mweusi uko bondeni? Kwa nini watu wamejenga karibu na barabara? Kwa nini kisima hiki hukauka Agosti, na kile hakikauki?

Ukiyatazama maswali hayo, utaona kwamba mkulima na mfugaji huyauliza kila mwaka. Tofauti ni kwamba mwanafunzi hufundishwa kupima na kuandika, naye mkulima huyaweka kichwani.

WANAFUNZI WENYEWE WANASEMAJE?

Ukikaa na wanafunzi wa sekondari ukawauliza habari za somo hili, utasikia maneno ya namna tatu.

Wapo wanaolipenda. Wanasema jiografia ni somo unaloliona kwa macho. Ukisoma habari za mawingu, ukitoka nje unayakuta. Ukisoma habari za uvuvi, mjomba wako ni mvuvi.

Wapo wanaoliogopa. Hawa hutaja mada zilezile: usomaji wa ramani, upimaji wa ardhi, takwimu, na habari za miamba. Wanasema ramani ina mistari mingi kama nywele zilizotimka, nao hawaoni mlima wala bonde, wanaona mistari tu.

Na wapo wanaolalamikia lugha. Katika sekondari zetu masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Basi mtoto amekulia kando ya korongo, amelivuka kila siku akipeleka ng'ombe, lakini akiulizwa habari za korongo kwenye mtihani hajui kwamba linaulizwa lile lile la kwao. Kitu anakijua, jina lake la kitabuni hajui.

Hapa ndipo kazi ya uwandani inaposaidia. Mwanafunzi akisimama mbele ya kitu chenyewe, akakigusa, akakipima, neno la kitabuni linapata mahali pa kukaa. Ndiyo maana wanafunzi wengi, hata wale wanaoliogopa somo, husema siku waliyotoka nje ndiyo siku walipoelewa.

Tutazame mifano minne.

MFANO WA KWANZA: UDONGO WA MTEREMKO

Twende Usukumani. Anza juu ya kilima chenye mawe makubwa, uteremke polepole mpaka bondeni. Karibu na kilima utakanyaga mchanga mwepesi. Wasukuma huuita luseni. Hapo wanalima mihogo, karanga na njugu mawe. Ukishuka zaidi utafika kwenye udongo mgumu, jembe linagonga kama linagonga sakafu. Huo ni itogolo. Wengi hulishia mifugo hapo au huchimba majaluba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unanata na kuvimba, jua likiwaka unapasuka nyufa.

Kwa nini udongo umejipanga hivyo? Mawe ya juu huvunjika polepole kwa jua na mvua, yakawa mchanga na chembe ndogo. Maji yanayoteremka huzichukua zile chembe ndogo na kuzipeleka bondeni. Mchanga mzito hubaki juu. Kazi hiyo imefanyika kwa miaka maelfu mengi.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, alizunguka Afrika Mashariki akaona mpangilio wa namna hii mahali pengi. Akaupa jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Alitaka kusema kwamba udongo wa juu na udongo wa chini umeshikana kama pete za mnyororo. Jina hilo sasa hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima.

Sasa mwanafunzi akiisoma mada hii darasani huona ni neno gumu. Lakini akiteremka kilimani na bibi yake, bibi atamtajia kila udongo kwa jina na zao linaloupenda. Kumbe mwalimu wa pili alikuwa nyumbani.

MFANO WA PILI: KORONGO

Wanafunzi wakifika kwenye korongo, mazungumzo huenda hivi:

– Shikamoo babu.

– Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mnapima korongo langu?

– Babu, tunataka kujua linakua kiasi gani. Unakumbuka lilianza lini?

– Nilipohamia hapa lilikuwa njia ya ng'ombe tu. Walipita hapo kwenda mtoni kunywa. Njia ikawa mfereji. Maji ya mvua nayo yakafuata njia ya ng'ombe.

Maneno hayo machache ni somo zima la mmomonyoko wa udongo. Babu amesema chanzo, na vijana sasa wataweka hesabu.

Tuseme wamepima urefu wa korongo wakapata mita 20. Upana wake kwa wastani ni mita 2, na kina ni mita 1.5. Zidisha: 20 mara 2 mara 1.5, unapata mita za ujazo 60. Lori linalobeba mita za ujazo 5 lingehitaji safari 12 kuuchukua udongo huo. Je, mtu akija na lori kuchukua udongo wa shamba lako safari 12, utanyamaza? Maji yamefanya hivyo, nasi tumenyamaza.

Kisha wanafunzi hupigilia vigingi ukingoni: kimoja mita 1 kutoka kwenye korongo, kingine mita 2, kingine mita 3. Baada ya masika hurudi kutazama. Kigingi cha kwanza kikiwa kimeanguka, korongo limekula mita nzima. Tafadhali basi, ukiviona vigingi hivyo, usiving'oe kwa kuni. Na watoto waambiwe.

Nchi yetu ina historia ya jambo hili. Huko Kondoa ardhi iliharibika sana, makorongo yakawa makubwa ya kutisha. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Hatua hiyo ilikuwa ngumu kwa wafugaji, maana ng'ombe ni maziwa, ni samadi, ni mahari. Lakini nyasi na miti ilirudi. Shinyanga nako mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986. Huko walifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa mvua ili ifae wakati wa kiangazi. Mwanafunzi akipima nyasi ndani ya ngitili na nyasi nje yake, ataona tofauti bila kuambiwa.

MFANO WA TATU: MISTARI YA KONTUA

Tumesema wanafunzi huogopa mistari ya ramani. Mistari hiyo huitwa kontua. Kila mstari unaunganisha mahali penye kimo kimoja. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Basi.

Njia nzuri ya kuelewa ni kuuchora mstari huo juu ya ardhi yenyewe. Chombo chake ni cha bure. Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja kama mita 2. Ifunge pamoja juu, uitanue chini. Funga mti wa tatu kwa kuulaza katikati, ipatikane herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya mti uliolala.

Kwanza tafuta alama ya usawa. Simamisha chombo, weka alama kamba inapogusa mti uliolala. Halafu kigeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa mguu wa kushoto, na wa kushoto ukae palipokuwa wa kulia. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Hapo weka alama ya kudumu.

Sasa nenda shambani kwenye mteremko. Mguu mmoja utulie, mguu wa pili uupeleke juu au chini kidogo kidogo mpaka kamba ikae kwenye alama ya katikati. Piga kigingi. Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Ukitazama nyuma utaona vigingi vimepinda kufuata kilima. Huo ndio mstari wa kontua. Tengeneza tuta juu yake, panda majani ya kushika udongo, na maji hayatakimbia tena kwa kasi.

Hapo mwanafunzi amepata alama za mtihani, na mwenye shamba amepata tuta. Wote wawili wamefaidika kwa asubuhi moja.

MFANO WA NNE: MVUA NA HESABU YAKE

Zipo shule zenye kipimamvua. Mvua hupimwa kwa milimita. Wengi hushindwa kuelewa milimita ya mvua ni nini. Ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji.

Tuseme nyumba yako ya bati ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Hizo ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 30 ikinyesha siku moja, zidisha 40 mara 30. Ni lita 1,200. Ndoo moja ni lita 20, kwa hiyo ni ndoo 60. Hata yakimwagika machache, bado ni ndoo nyingi ambazo mama hatazibeba kichwani kutoka mtoni. Yamepita juu ya bati yake, yakaanguka uani, yakaenda kukuza korongo.

Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kumfanyia mama yake jioni moja. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati na pipa safi lenye mfuniko.

KUNA MAMBO YA UHAI PIA

Mzazi mmoja anaweza kusema: Hayo ni mazuri, lakini mtoto wangu anasoma ili apate kazi, si kupima makorongo. Jibu ni kwamba mada za somo hili wakati mwingine ni uhai wenyewe.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga mkoa wa Kagera. Nyumba zilianguka Bukoba na vijijini, watu wakafa. Siku hiyo mada ya matetemeko, ambayo wengi waliiona ni habari za nchi za mbali, ilikuja mlangoni. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda sana baada ya mvua nyingi, nyumba na mashamba ya mwambao yakafurika. Na tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Hakuna anayeweza kuzuia tetemeko. Lakini mtu anayejua kusoma mteremko, anayejua mahali maji yalikopita zamani, atafikiri mara mbili kabla ya kujenga kwenye mkondo. Mkondo mkavu si mkondo uliokufa. Vijana wakifundishwa kuitambua mikondo ya kijiji chao na kuichora katika ramani, kijiji kizima kinapata macho.

MALALAMIKO YA WANAKIJIJI

Haifai kuwasifu wanafunzi tu. Wananchi nao wana maneno yao, na mengi ni ya haki.

Kwanza, wengine hukanyaga mazao. Pili, huuliza maswali mazito bila kujieleza: Una ng'ombe wangapi? Una ekari ngapi? Mtu akiulizwa hivyo na mgeni, moja kwa moja hufikiri kodi. Atasema uongo, na takwimu za mwanafunzi zitakuwa za uongo pia. Tatu, na hili ndilo kubwa, wanachukua habari zetu wanakwenda nazo, hatuyaoni majibu.

Wanafunzi, haya yawaingie. Kabla ya kuja, shule iandike barua kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa kijiji. Mkifika salimuni, mseme jina la shule, mseme mnatafuta nini na kwa nini. Asiyetaka kujibu msimlazimishe. Mkimaliza, chagueni siku moja mrudi. Bandikeni ramani yenu ofisi ya kijiji, au mkaieleze katika mkutano. Aliyewapa habari ana haki ya kujua imekuwa nini.

MALALAMIKO YA WAZAZI

Wazazi nao husema kazi ya uwandani ni matembezi tu, tena ya kulipia. Hapa tutenganishe mambo mawili. Kupanda basi kwenda kuiona Ngorongoro ni ziara. Ziara ni nzuri, mtoto ataona kasoko kubwa ya volkeno ya zamani, na hatasahau. Lakini ina gharama, na si kila mzazi anaiweza. Mtoto ambaye baba yake hana fedha hubaki shuleni akiwaaga wenzake, na hilo linaumiza.

Kazi ya uwandani haihitaji basi. Korongo liko nyuma ya shule. Mto uko chini ya kilima. Soko lipo kila wiki, mwanafunzi anaweza kuhesabu bidhaa zinatoka wapi. Wanaohitajika ni mwalimu mwenye nia, futikamba, kamba, vigingi na daftari. Kwa kazi hiyo hakuna mtoto wa kuachwa.

Wala wasichana wasizuiwe. Wapo wazazi wanaomwachia mvulana aende, msichana abaki kuchota maji. Lakini nani anayeujua mto kuliko msichana huyo? Ndiye anayejua maji hupungua mwezi gani. Mwache aende, apime kile anachokibeba kila siku.

TUFANYE NINI?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba shule haifai kutengana na maisha ya watu wanaoizunguka. Miaka mingi imepita, lakini neno hilo bado lina kazi. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunajua vizuri: herufi tulizielewa haraka zilipohusu mbegu, maji na afya yetu. Watoto wetu nao ni hivyo hivyo.

Basi mwanao akirudi nyumbani akisema kesho tunakwenda kupima mto, usimwambie anapoteza wakati. Mwulize maswali. Mwonyeshe mpaka wa shamba, mtajie majina ya udongo, mweleze mto ulikuwaje zamani. Halafu mwambie akusomee alichoandika. Akikosea, msahihishe. Ukikosea wewe, akuonyeshe hesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja aina za udongo katika kijiji chenu kwa majina ya kwenu. Kila mmoja unafaa zao gani?
2. Je, kuna korongo linalokua kijijini? Lilianza lini, na chanzo chake ni nini?
3. Pima bati la nyumba yako. Mvua ya milimita 20 ingekupa ndoo ngapi?
4. Ni mkondo gani mkavu ambao watu wamejenga ndani yake?
5. Wanafunzi wakija kijijini kwenu, mngependa wapime nini kwanza?

MANENO

Uwanda: mahali pa nje ambapo kazi ya kupima na kuchunguza hufanyika.
Kontua: mstari unaounganisha mahali penye kimo kimoja.
Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo.
Kasoko: shimo kubwa lililo juu ya mlima wa volkeno.
Takwimu: habari zilizowekwa kwa hesabu.